Jinsi ya kutafuta sehemu za kupiga mandhari kwa kamera kubwa ya shiti ukiwa Kigoma, kwa wanaoanza

Hii nawaandikia wale mliopata kamera kubwa, iwe umeazimwa, umenunua mtumba au umeunda mwenyewe kwa mbao, na sasa unajiuliza ukaipigie wapi. Naongelea zile kamera za mvukuto zinazotumia shiti moja moja ya filamu, inchi 4 kwa 5 au 8 kwa 10, unajifunika shuka jeusi kichwani na picha unaiona kwenye kioo cha ukungu ikiwa imepinduka, mbingu chini ardhi juu, na kushoto kumehamia kulia. Mtu akishaipata tu anaanza kuwaza mbali, Serengeti, Kilimanjaro, Mahale. Mi nasema tulia kwanza, sehemu yako ya kuanzia ni ile unayoweza kuirudia hata wiki hii hii kwa mguu au kwa bodaboda, na watu wa Kigoma kwenye hilo tumependelewa kwelikweli, ziwa Tanganyika lipo hapo chini, vilima vipo nyuma ya nyumba, Ujiji ni kilomita chache tu, huna sababu ya kulala njiani kutafuta mandhari.

Kwa nini nasisitiza kurudia? Kwa sababu kamera hii haikimbizani na kitu. Kuitoa kwenye begi, kuisimamisha kwenye tripodi, kutafuta fokasi kwa kioo cha kukuzia, kupima mwanga, kufunga lenzi, kuingiza holda (kile kikasha cha kubebea shiti), kuvuta kibati cha holda ndo upige, hiyo ni dakika kumi mpaka robo saa kama bado mgeni, na holda moja inabeba shiti mbili tu, moja kila upande. Shiti zenyewe usitegemee kuzikuta dukani pale mtaa wa Mwanga, zinaagizwa, na bei yake inauma. Sasa mtu anayefika sehemu asiyoijua, mwanga unaondoka, anaanza kuhangaika asimame wapi, huyo anachoma shiti bure. Kwahiyo kutafuta sehemu ni kazi moja na kupiga picha ni kazi nyingine, zifanye siku tofauti. Hili ndo la msingi, mengine yote nitakayosema yanatokea hapo.

Toka bila kamera, toka na boksi

Siku ya kutafuta sehemu kamera iache nyumbani. Chukua kipande cha boksi gumu, kata katikati dirisha la sentimita 12 kwa 9 na nusu, hilo ndo karibu eneo halisi la picha kwenye shiti ya inchi 4 kwa 5. Toboa tundu pembeni, funga uzi. Sasa kama lenzi yako ni ya milimita 150 piga fundo kwenye uzi sentimita 15 kutoka kwenye boksi, kama ni ya 210 piga fundo sentimita 21. Ukifika sehemu shika lile fundo chini ya jicho, nyoosha uzi, funga jicho moja, tazama kupitia dirisha. Unachokiona ndo hicho hicho lenzi yako itakachokiona ukisimama hapo. Haina betri, haina bando, na ni sahihi kuliko unavyodhani, maana hesabu yake ni ileile ya kamera, umbali wa lenzi mpaka filamu umeuweka kati ya jicho na boksi.

Simu nayo inasaidia lakini ina mtego wake. Kamera ya kawaida ya simu inaona pana sana ukilinganisha na lenzi ya 150 kwenye 4 kwa 5, inabidi uvute zoom kidogo chini ya mara mbili ndo zikaribiane. Alafu umbo la picha ni tofauti, simu inapiga ndefu, shiti yetu ni nne kwa tano, imekaribia mraba. Watu wengi wanaona ghuba ya Kigoma kwenye simu inapendeza, anga refu, maji marefu, wanaenda na kamera kubwa wanakuta katikati ya kioo kuna mstari wa maji na juu yake hamna kitu chini yake hamna kitu. Kama simu yako ina kata ya 4:5 itumie hiyo tangu mwanzo, itakuzoesha kuona kwa umbo lile.

Na hapa niseme wazi ninachoamini, ziwa peke yake sio picha. Najua linapendeza, ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, kina chake kinafika mita 1,470, lakini kamera haioni kina, inaona bati la kijivu. Ziwa linahitaji kitu cha kulishika, mwamba, shina, rasi inayoingia majini, mtumbwi uliovutwa juu, chanja za kuanikia dagaa, au basi upande juu mpaka uone mzunguko wa ghuba ndo maji yapate umbo. Ukiwa unatembea ufukweni na boksi lako tafuta kwanza hicho kitu cha mbele, ziwa litakuja lenyewe nyuma yake.

Kuna jingine linalohusu kamera hii tu na linaamua sana uchague wapi. Ile mbele ya kamera inainama, ukiinamisha lenzi kidogo kwenda mbele unapata fokasi kali kuanzia jiwe lililo karibu na miguu yako mpaka milima ya mbali, bila kufunga lenzi mpaka f/45, yaani tundu la lenzi kuwa dogo sana. Lakini inafanya kazi vizuri pale ambapo ardhi imelala, yaani ufukwe, shamba la mpunga, uwanda wa nyasi, miamba mifupi. Ukiwa na mchikichi mrefu ulio mita mbili mbele yako na kilima kule mbali, kuinamisha hakukusaidii, kichwa cha mchikichi kitatoka nje ya fokasi. Kwahiyo kwa anayeanza chagua sehemu zilizolala. Vitu virefu vya karibu viache kwanza, au rudi nyuma mpaka navyo viwe vya mbali.

Jua la kwetu lina tabia zake

Kigoma tuko magharibi kabisa ya nchi lakini saa tunatumia moja na Dar, ndo maana jua letu linachelewa, kama dakika 39 hivi nyuma ya Dar. Hapa linazama saa moja jioni hivi, asubuhi linachomoza kati ya saa 12 na nusu na saa moja na robo kutegemea mwezi. Na asubuhi lina vilima nyuma yetu upande wa mashariki, kwahiyo ukiwa chini ufukweni mwanga unakufikia ukiwa umechelewa zaidi, wakati milima ya Kongo ng'ambo tayari imeshawaka.

Hapo ndo penyewe. Kila mtu hapa anapiga machweo, Instagramu imejaa machweo ya Kigoma, na ni kweli yanapendeza, lakini jioni jua liko nyuma ya milima ya Kongo na ile milima inakuwa kivuli cheusi tu. Asubuhi jua linaipiga usoni. Mikunjo yake, mabonde yake, mawingu yaliyokaa mabegani, unaviona vyote, ila iwe siku ambayo hewa ni safi. Mimi asubuhi naipenda kuliko jioni na naomba mwanzoni uipe nafasi, maana pia upepo wa asubuhi huwa umetulia na ufukweni watu wana shughuli zao hawana muda wa kukuzunguka.

Kingine, karibu na ikweta jua linashuka wima, halibembelezi. Likishagusa milima una kama dakika 20 za mwanga mzuri alafu giza. Toa ile robo saa ya kufunga kamera, unabaki na nini? Kwahiyo jioni kuwa umeshasimama na umeshapata fokasi saa nzima kabla, maana fokasi kwenye kioo cha ukungu gizani ni mateso. Mwanga wa baada ya machweo, kwa filamu ya ISO 100 (hicho ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga) na lenzi f/32, utakuta unahitaji sekunde moja, mbili, nne na kuendelea, na filamu nyingi zikishavuka sekunde moja zinaanza kupoteza wepesi wake, inabidi uongeze muda zaidi ya ule mita ya mwanga inavyosema. Karatasi ya maelezo ya filamu huwa ina jedwali, lisome.

Alafu mwelekeo. Watu wanadhani jua linazama magharibi basi, kumbe linatembea. Mwezi wa sita linazama kulia kwako kuelekea kaskazini, kwenye digrii 293 hivi za dira, mwezi wa 12 linazama kushoto kuelekea kusini kwenye 247. Tofauti yake ni karibu digrii 47, na lenzi ya 150 ukiilaza inaona kama digrii 44 tu. Maana yake jua la Juni na jua la Desemba haziwezi hata kuingia kwenye picha moja! Kwahiyo ukiona mwamba mzuri mwezi wa tatu na ukatamani jua lishuke pembeni yake, pima kwa dira ya simu mwamba uko digrii ngapi alafu ujue ni mwezi gani jua litafika hapo. Programu kama PhotoPills inakuchorea kabisa, lakini dira na kalenda vinatosha.

Mchana wa saa sita mpaka saa nane watu wanasema hamna picha, na kwenye mandhari ya vilima ni kweli, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini kabisa, vivuli vinapotea. Ila kwa maji yetu mchana una kazi yake. Maji ya Tanganyika ni maangavu, jua likiwa juu na ukaweka filta ya kuondoa mng'ao unaona mawe ya chini ya maji mpaka ndani. Tafuta sehemu ya mawe usimame juu kidogo uangalie chini, sio ukiwa usawa wa maji. Filta hiyo inakula mwanga, hesabu stopu moja na nusu mpaka mbili (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu).

Msimu ndo unaamua uione Kongo au usiione

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa kuna moshi na vumbi. Watu wanachoma nyasi, vilima vinakuwa vyeusi, hewa inakuwa ya maziwa, na milima ya ng'ambo inapotea kabisa, mgeni anaweza kukaa wiki hajui kama kule kuna milima. Usilazimishe. Miezi hiyo fanya picha za karibu, miamba, mashina ya miembe, mitumbwi, majani yaliyoungua na ardhi nyekundu, na ule moshi wenyewe unafanya vilima vya katikati vionekane kama tabaka tabaka, kinapendeza sana kwa filamu nyeusi na nyeupe. Upepo wa kusini mashariki nao una nguvu kiangazi, na mvukuto wa kamera unashika upepo kama tanga, kwahiyo tafuta sehemu zenye kinga, nyuma ya mwamba au mteremko, na tundika begi lako zito katikati ya tripodi.

Mvua zikianza, kuanzia Oktoba Novemba mpaka Aprili hivi, hewa inaoshwa. Saa moja au mbili baada ya mvua kubwa kukatika ndo muda ambao kila mpiga picha wa hapa angetakiwa awe amesimama kilimani. Kongo inakuja karibu mpaka unahesabu mikunjo. Vilima vimekuwa kijani, mawingu yana maumbo, na sio lile anga tupu la kiangazi. Tatizo ni radi, wala nisikufiche, tripodi ya chuma juu ya kilima kipara wakati ngurumo zinasikika ni hatari, shuka, acha picha.

Maji ya ziwa nayo yanapanda na kushuka kwa mwaka, yanakuwa juu mwisho wa mvua kama Aprili na Mei, chini kabisa kama Oktoba na Novemba. Mwamba ulioupenda Oktoba unaweza usiuone Mei. Na zaidi ya hapo miaka ya karibuni ziwa lenyewe limepanda, fukwe zimeliwa, kuna sehemu kwenye picha za setilaiti za Google Earth utaona mchanga mpana ukifika unakuta maji yamegusa miti. Kwahiyo ramani ni ya kukuonyesha wapi pa kujaribu, haikuthibitishii chochote. Kama unaweza kupata zile ramani za serikali za 1:50,000 zenye mistari ya miinuko ndo nzuri zaidi kwa kutafuta vilima vya kusimama, mistari iliyobanana inakuambia ni mteremko mkali, na mteremko mkali unaotazama ziwa maana yake miti haitakuziba.

Kama unataka mitumbwi na taa za dagaa, angalia mwezi. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, usiende kilimani usiku huo ukategemea kuona ule mstari wa taa ziwani. Na ulizia kama uvuvi umefungwa, mwaka 2024 ulifungwa ziwa zima kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, kipindi kama hicho chanja zinakuwa tupu na mitumbwi imelala, ambayo kwa kamera yetu inayotaka vitu vitulie sio mbaya hata kidogo.

Wapi pa kuanzia

Anza upande wa Bangwe na Katonga. Barabara inapanda na kushuka kwenye vilima na kuna sehemu nyingi za kusimama pembeni ukaiona ghuba ikijikunja, ndo ile nilisema maji yapate umbo. Bodaboda inakufikisha na mzigo wako. Ukiendelea mbele kuna ufukwe wa Jakobsen, ni wa kulipia kiingilio, una mchanga na mawe na miti mpaka karibu na maji, pametulia, hamna msongamano, kwa mtu anayeanza kujifunika shuka kichwani bila kuzungukwa na watoto hamsini hapo ni pazuri. Mawe ya pembeni ya ufukwe ndo ya kuangalia zaidi kuliko mchanga wenyewe.

Ujiji wengi wanaenda kwa ajili ya kumbukumbu ya Livingstone, pale alipokutana na Stanley mwaka 1871, na wanapiga lile jiwe la kumbukumbu wanaondoka. Mi ningekuambia angalia miembe. Miembe mikubwa ya Ujiji ina mashina ambayo kamera kubwa imezaliwa kwa ajili yake, magome, mizizi, matawi yaliyolala, na mti hauendi popote ukipiga sekunde nne. Nenda siku ya mawingu, jua kali chini ya mwembe linakupa madoa meupe na meusi filamu haiwezi kuyabeba. Ukishuka kusini ya Ujiji kuna bonde la mto Luiche, tambarare, mpunga, michikichi imesimama mbalimbali, ardhi imelala kama nilivyosema, na huko nyuma kuna vilima. Asubuhi mapema ukungu unakaa chini bondeni. Kule kwenye mto na karibu na unapoingia ziwani uliza wenyeji kuhusu mamba na viboko kabla hujasogelea maji, na ukishauliza watii.

Kibirizi ni pa watu na boti, pana purukushani, sipashauri mwanzoni kwa kamera hii. Stesheni ya reli ni jengo zuri la Wajerumani, reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na ni somo zuri la kupandisha lenzi juu bila kuinua kamera ili kuta zisimame wima zisilalie nyuma. Lakini stesheni, bandari na majengo ya serikali usisimamishe tripodi kabla hujaomba ruhusa kwa wahusika, na usiombe kwa mlinzi wa getini tu, nenda ofisini. Wengi wanatamani kuipiga MV Liemba, meli iliyojengwa Papenburg kule Ujerumani mwaka 1913, naelewa kabisa, ila ikiwa bandarini taratibu ni zilezile.

Gombe ni kilomita kama 16 tu kaskazini lakini hufiki kwa gari, ni boti. Mle ndani ya msitu ni giza, majani yanatikisika, filamu ya ISO 100 kwenye f/22 inaweza kutaka sekunde nyingi, na sokwe hawatakusubiri ufungue mvukuto, sokwe waachie wenye kamera ndogo. Maporomoko ya Kakombe ndo kitu chako mle, maji yanapendeza kwa muda mrefu na mwamba umetulia. Ila kwa maoni yangu picha kubwa ya Gombe iko nje, ukiwa ziwani au kwenye ufukwe, pale mpaka wa hifadhi unapoonekana kwa macho, huku vilima vimebaki na nyasi na mashamba, kule msitu umeanza. Kutoka kwenye boti huwezi kupiga kwa kamera hii, inayumba, kwahiyo piga kwa simu kwanza, kumbuka ni upande gani, alafu tafuta sehemu ya kushuka. Boti nenda nayo asubuhi, mchana ziwa huwa linachafuka, na holda zako zifunge kwenye mfuko wa plastiki alafu ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Mahale iache kwanza. Mlima Nkungwe ni mita 2,462 unasimama juu ya ziwa, ni kitu kikubwa sana, lakini safari yake ni ndefu na gharama yake kubwa, nenda ukiwa tayari mikono inajua kamera gizani.

Filamu unayotumia inabadilisha sehemu

Wengi tunaanza na filamu za eksirei kwa sababu bei yake ni rahisi kuliko za kawaida, unazikata kwa saizi yako chini ya taa nyekundu. Sawa kabisa kwa mazoezi, ila jua kwamba filamu ile haioni rangi nyekundu. Ardhi yetu nyekundu inatoka nyeusi tii, na kwa sababu inaona sana bluu, ukungu wa mbali unazidi, Kongo inafutika hata siku ambayo macho yako yanaiona, na anga linakuwa jeupe. Kwahiyo kwa eksirei chagua sehemu za karibu, miembe, mawe, mitumbwi, kuta za zamani. Ukishakuwa na filamu ya kawaida nyeusi na nyeupe inayoona rangi zote ndo upande kilimani, na uweke filta ya njano au ya chungwa, au nyekundu kama unataka anga zito, inakata ule ubluu wa mbali na milima inarudi. Moshi mzito wa Agosti lakini hamna filta inayouondoa.

Daftari na watu

Kila sehemu unayoipata iandike, jina la mtaa au kijiji, uliposimama (weka alama kwenye ramani ya simu), digrii za dira, lenzi gani kwa boksi lako, kitu gani kiko mbele, na hapo hapo andika inangoja nini. Yaani andika "asubuhi baada ya mvua", au "Novemba maji yakiwa chini", au "siku ya mawingu tu". Hili neno inangoja nini ndo linafanya daftari liwe na thamani, maana mvua ikikatika saa kumi jioni huna muda wa kufikiri, unafungua daftari unakuta sehemu tatu zilizokuwa zinaingoja hiyo mvua, unachagua ya karibu unaondoka.

Na watu. Kamera hii inavuta macho, mtu kajifunika shuka jeusi pembeni ya njia, lazima watu wajiulize. Ukifika kijijini au mtaa usioujua salimia kwanza, wazee shikamoo yao, alafu mtafute mwenyekiti umweleze. Shambani muombe mwenye shamba hata kama umesimama pembeni tu. Wavuvi usiwapige kama mapambo ya picha yako, ongea nao, waulize mtumbwi unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi, wao ndo wanajua ziwa kuliko programu yoyote. Waite waje waangalie kwenye kioo cha ukungu, watoto na wazee wote wanapenda kuona dunia imepinduka, na ukishamuonyesha mzee mmoja hapo atakuambia yeye mwenyewe, kijana, hapa si pazuri, panda kule nyuma ya ule mti. Panda. Mara nyingi wako sahihi. Sehemu za mbali usiende peke yako na mabegi, chukua kijana wa palepale akuongoze na umlipe ipasavyo.

Kwa hifadhi, Gombe na Mahale zote ziko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwahiyo kabla hujalipia boti wasiliana nao uwaeleze kamera yako ilivyo, kwamba inapiga picha za mnato na sio sinema, na picha ni za matumizi gani, maana ukitokea tu getini na tripodi na masanduku watadhani ni kazi ya kibiashara ambayo ina vibali na malipo yake mengine. Watumie hata picha ya kamera yenyewe ikiwa imefunguliwa, na majibu yao yaombe kwa maandishi uende nayo.